Maandishi hayaguswi: uchambuzi wa kisa cha CSS Zen Garden

Mei 2003 Dave Shea, mbunifu wa tovuti wa Vancouver, Kanada, aliweka mtandaoni ukurasa mmoja wa HTML, yaani msimbo unaobeba maandishi na muundo wa ukurasa, pamoja na sharti moja: usiuguse. Anayetaka kushiriki apakue ukurasa ule, aandike faili lake la CSS, yaani maagizo ya mwonekano wa ukurasa, achore picha zake, aweke kazi kwenye seva yake, kisha atume kiungo. Maandishi ni yaleyale na HTML ni ileile kwa kila mtu. Kinachobadilika ni CSS na picha. Shea alianza na miundo mitano ya mkono wake mwenyewe, na baadaye orodha rasmi ikavuka miundo 200.

Ukurasa huo ndio CSS Zen Garden, hapa nitauita Bustani. Kisa chake husimuliwa kwa namna moja: wabunifu hawakuamini kuwa CSS inaweza kutoa kitu kizuri, Shea akawaonyesha, ubishi ukaisha. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yanaruka jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Ninachokiona mimi ni kisa cha kufunga. Mtu mmoja alifunga kitu kimoja, akaacha vingine vyote wazi, na uchaguzi wa nini kifungwe ndio uliozaa matokeo. Tena ukilikagua faili lenyewe unakuta kufuli halikukaza kama tunavyohadithiana.

Kabla ya Mei 2003

CSS haikuwa ngeni. Håkon Wium Lie aliipendekeza Oktoba 1994, akaiendeleza pamoja na Bert Bos, na toleo la kwanza likaidhinishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao, Desemba 1996. Tangu 1998 kundi la Web Standards Project lilikuwa likizibana kampuni za vivinjari zifuate viwango. Kwa hoja, mambo yalikuwa karibu yamekwisha. Kwenye meza za wabunifu, hata hivyo, kazi iliendelea kwa majedwali: unachora ukurasa mzima kwenye Photoshop, unaukatakata vipande, unavipanga ndani ya jedwali lililo ndani ya jedwali jingine, na panapohitajika nafasi unaweka picha ya GIF ya pikseli moja isiyoonekana, unaivuta hadi ifike upana unaoutaka. Mteja akitaka menyu ihamie upande wa pili, unafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine.

Wabunifu hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikwisha kuitazama CSS, wakaona masanduku. Mifano mingi iliyokuwapo ilitoka kwa waandishi wa msimbo, na ilionekana hivyo: mandhari nyeupe, mistari myembamba, safu mbili, basi. Wired News ilihamia CSS Oktoba 2002, kazi iliyoongozwa na Douglas Bowman, ikawa ushahidi kwamba hata tovuti kubwa inaweza kuthubutu. Lakini tovuti moja ya habari haimshawishi mchoraji. Maandishi ya Bustani yenyewe yanalitamka hilo: mbinu zilizoonyeshwa hadi siku hiyo zilikuwa za watu wa muundo na msimbo, wabunifu walikuwa bado hawajaacha alama yao. Ndiyo maana mwaliko ulielekezwa kwa wachoraji na wabunifu waziwazi.

Faili lenyewe

Tulifungue. Juu kuna h1 (tagi ya kichwa kikuu) yenye jina la tovuti na h2 (kichwa kidogo) yenye kaulimbiu, zote ndani ya div, yaani sanduku la kukusanya vitu, inayoitwa pageHeader. Unafuata muhtasari mfupi, kisha utangulizi, kisha sehemu nne zinazoeleza jambo lenyewe, namna ya kushiriki, faida na masharti. Orodha ya viungo, linkList, iko mwishoni. Aya zimepewa madarasa, yaani majina ambayo CSS huyashika, ya p1, p2, p3 na kuendelea. Kila kichwa cha habari kina span (tagi ya kuzungushia maneno) ndani yake ambayo haina faida yoyote kwa msomaji. Na baada ya vyote hivyo zimepangwa div sita tupu, extraDiv1 hadi extraDiv6, kila moja na span yake tupu.

Huwa naanza na hizo div tupu nikimwonyesha mtu kisa hiki. Zinakiuka kanuni ileile ambayo Bustani inaihubiri, kwamba HTML ibebe maana na mwonekano ukae kwenye CSS. Div tupu haibebi maana. Ipo ili mbunifu apate pa kuning'iniza tawi la mti, kivuli, au kona ya karatasi iliyokunjika. Kwa haki, Shea hakuficha. Aliacha maelezo ndani ya msimbo, mahali ambapo ni mtu anayefungua chanzo cha ukurasa tu angeyasoma, akisema kwamba madarasa na tagi ni nyingi kuliko zinavyohitajika, kwamba katika kazi halisi faili lingekuwa jembamba zaidi, lakini hata hivyo hali ni afadhali kuliko kujenga kwa majedwali.

Mimi nauona huo kuwa uamuzi wake bora kuliko yote. Angetoa HTML safi kabisa mwaka 2003, angerudishiwa masanduku yaleyale aliyotaka kuyakimbia. Internet Explorer 6, kivinjari kilichotoka 2001 na kushika soko, haikujua ::before wala ::after (namna za CSS za kuongeza kitu kwenye elementi, yaani kipande cha HTML, bila kuigusa HTML yenyewe), na kuweka picha mbili za mandhari kwenye elementi moja hakukuwezekana kwenye vivinjari vya kawaida vya wakati ule. Ukitaka picha nne, tafuta elementi nne. Kila span ya ziada ilikuwa nafasi moja zaidi ya kuchora. Ukimnyima mbunifu ruhusa ya kugusa HTML, lazima ndani yake umwachie vya kushika vya kutosha, na hesabu hiyo Shea aliipiga vizuri.

Kazi ilivyofanyika

Chukua tatizo moja tu, orodha ya viungo. Katika HTML ni ya mwisho. Kwenye muundo wako unaitaka juu, au kushoto, au katikati ya mchoro. Kwa majedwali ungehamisha msimbo, na hapa hairuhusiwi. Njia ya kwanza inayokuja akilini ni position: absolute. Unaitoa orodha kwenye mtiririko wa ukurasa, unaipa top na left, kisha unaacha nafasi kwa padding (nafasi ya ndani ya sanduku) upande ule ili maandishi yasiingie chini yake. Inakubali papo hapo, unafurahi. Halafu unagundua kwamba elementi iliyotolewa kwenye mtiririko haijui urefu wa jirani zake, wala wao hawaujui wake. Orodha ikirefuka inapita juu ya chochote kilicho chini yake. Na yaliyomo katika orodha ile yalikuwa yakibadilika kadiri kazi mpya zilivyopokewa, kwa hiyo kupima kwa jicho leo hakukukinga na kesho.

Njia ya pili ni float, inayosukuma elementi kando na kuacha mengine yaizunguke. Hii inaheshimu mtiririko zaidi, lakini inategemea mpangilio wa HTML, na mpangilio umefungwa. Basi unabaki kujiuliza: je, menyu ikiwa ya mlalo juu kabisa? Je, nikiipa eneo lenye urefu wa kutosha kwa vyovyote itakavyokuwa? Je, nikiiacha chini ilipo na kuifanya kuwa sehemu ya mchoro? Hapo ndipo muundo unapozaliwa. Mbunifu aliyekuja na picha kamili kichwani analazimika kuijenga upya kufuata kile kinachowezekana, na mara nyingi toleo la pili huwa na akili kuliko la kwanza.

Kulikuwa na adha nyingine, ya upana. Internet Explorer 5 ya Windows ilihesabu padding na mpaka ndani ya width, ilhali kiwango kilisema viongezwe nje. Sanduku la pikseli 400 lenye padding ya 20 kila upande lilikuwa 440 kwenye kivinjari kinachofuata kiwango na 400 kwenye IE5. Dawa moja maarufu ilibuniwa na Tantek Çelik: unaandika sifa ya voice-family, ambayo kazi yake ni kuchagua sauti ya kusomea ukurasa, unaipa thamani iliyojaa alama za nukuu na mabano, IE5 inadhani kanuni imeisha na inaacha kusoma, hivyo mstari unaofuata unabaki kwa vivinjari vingine. Sifa ya sauti ikarekebisha upana! (Cha kuchekesha ni kwamba leo wengi wetu tunaanza kila mradi kwa box-sizing: border-box, yaani tunahesabu kama IE5 ilivyohesabu. Kosa lake lilikuwa kukiuka kiwango. Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi zaidi kwa binadamu.)

Kuhusu vifaa hakuna mengi. Kihariri cha maandishi, Photoshop, vivinjari vitatu vinne vimefunguliwa pamoja. Firebug ya Joe Hewitt, iliyotufungulia njia ya zana za ukaguzi tunazozijua sasa, ilikuja 2006. Kabla yake, ukitaka kujua elementi inaishia wapi uliipa mpaka mwekundu na kuupakia ukurasa upya. Wengine bado tunafanya hivyo.

Msukumo ulitoka wapi

Maandishi ya Bustani yanaongea lugha ya mtu anayetafuta mwangaza wa kiroho. Kichwa kimojawapo ni cha njia ya kuufikia. Ungetarajia kila mtu achore maji, mawe na mianzi. Muundo wa kwanza wa Shea, Tranquille, unaelekea huko kweli. Lakini katika mitano yake ya mwanzo upo pia alioupa jina la Blood Lust, na nadhani ndio uliowafungulia wengine. Mwenye bustani mwenyewe ameonyesha kuwa jina la tovuti halimfungi mtu. Angeweka mitano yote ya utulivu na maua, sidhani kama tungepata aina zote zile zilizofuata.

Halafu kuna sharti la haki, ambalo watu hulipita haraka. Picha zilibaki mali ya aliyezichora. CSS yake, kwa upande mwingine, aliombwa aitoe kwa leseni ya Creative Commons, inayoruhusu wengine kutumia kazi kwa masharti, sawa na ile ya tovuti, ili wengine wajifunze. Kwa hiyo aliyevutiwa na kazi ya mwenzake alifungua faili, akaona menyu imepelekwa juu kwa mistari michache, akaichukua mistari ile. Picha hakuruhusiwa kuzichukua, ikabidi achore zake. Alichoiga ni mbinu, na mbinu ikiingia kwenye mchoro mwingine haitoi kitu kinachofanana na kilichoigwa.

Linganisha na tunavyotafuta msukumo sasa. Dribbble, tovuti ya wabunifu kuonyeshana kazi, ilianza 2009 kwa picha za pikseli 400 kwa 300. Ilikuwa nafasi nzuri ya kuonyesha kipande cha kazi ambayo bado iko mezani, na sina ugomvi nayo. Lakini picha ya namna hiyo haikuonyeshi kitu kilivyojengwa, wala kama kimejengwa kweli. Pinterest vivyo hivyo. Kinachobebeka kutoka huko ni sura ya nje: mpangilio wa rangi, kivuli laini, pembe ya mviringo, kichwa kikubwa katikati na vitufe viwili chini yake. Mbunifu anaweza kukusanya picha mia, akazipanga vizuri kwenye ubao, na bado asijue lolote kuhusu nini cha kufanya jina la bidhaa linapokuwa na herufi 60. Nikiulizwa kwa nini tovuti nyingi zinafanana hata waliozijenga hawajuani, jibu langu huanzia hapa, kabla sijazilaumu violezo na fremuweki.

Palipovuja

Fonti ndizo zilizoumbua mambo. Kabla ya 2009 na 2010, vivinjari vilipoanza kukubaliana juu ya @font-face, njia ya kupakia fonti kutoka mtandaoni, na Google Fonts ikaja, mbunifu aliweza kutegemea fonti chache zilizomo kwenye kompyuta nyingi: Georgia, Verdana, Arial, Times na nyingine za aina hiyo. Asiyezitaka kwenye vichwa vya habari alichora kichwa kama picha. Namna iliyotumika ilikuwa hii: picha inawekwa kuwa mandhari ya h3, kisha span iliyo ndani, ile isiyo na faida kwa msomaji, inapewa display: none ili maandishi halisi yapotee. Mbinu hiyo ilibeba jina la Todd Fahrner, na span zimejazwa kwenye faili la Bustani kwa ajili hiyo.

Tatizo ni kwamba visoma skrini vingi viliitii display: none. Mtu asiyeona, anayesomewa ukurasa na kompyuta, alikosa vichwa vyote. Oktoba 2003 Joe Clark alichapisha matokeo ya kuvijaribu visoma skrini katika jarida la mtandaoni la A List Apart, na baada ya hapo ikawa vigumu kuitetea. Zikaja mbadala. Mike Rundle aliyasukuma maandishi pikseli 5000 nje ya skrini kwa text-indent (sifa ya kusogeza mwanzo wa mstari), na kisoma skrini kikaendelea kuyasoma. Hapo naye aliyezima picha huku CSS ikiwa imewashwa akawa haoni kitu. Shea mwenyewe alikusanya mbadala hizo na udhaifu wa kila mojawapo, jambo ambalo wachache wangelifanya kwa mbinu iliyoijenga kazi yao.

Kwa hiyo anayesema uzuri wa Bustani ulitoka Photoshop ana sehemu ya ukweli. Vichwa vilikuwa picha, vivuli vilikuwa picha, pembe za mviringo zilikuwa picha. Miundo mingi ilipimwa kwa pikseli, kwa skrini ya upana wa 800, na simu za kisasa zilipokuja ikaonekana ngumu kama ubao. CSS ilichofanya peke yake ni kuhamisha: kile kilicho mwisho kikaenda juu, safu moja ikawa tatu, yote bila herufi moja ya HTML kuguswa. Hilo ndilo lililokuwa likibishaniwa, na hilo lilithibitika.

Kufuli lilipofunguliwa

Mwaka 2013, miaka kumi baada ya kuanza, Shea alifungua tena mlango wa kupokea kazi, safari hii kwa HTML mpya. Ethan Marcotte alikuwa ameandika juu ya miundo inayojirekebisha kwa upana wa skrini Mei 2010, na HTML5 ilikuwa imeleta elementi za section, header na aside. Faili jipya linazitumia. Kitambulisho cha utangulizi, intro, kimekuwa zen-intro. Zile div tupu bado zipo, lakini maelezo kwenye msimbo sasa yanamshauri mbunifu atumie ::before na ::after badala yake.

Hapa ndipo penye somo zito la kisa, na silioni likitajwa. CSS iliyoandikwa 2003 ikitafuta kitambulisho intro haiwezi kukipata kwenye faili jipya. Kazi zote zile zilizosifiwa kwa kutenganisha maudhui na mwonekano zilikuwa zimeshikamana na majina ya HTML moja. HTML haikuitegemea CSS hata kidogo; CSS iliitegemea HTML kwa kila mstari. Adam Wathan aliligusa jambo hili 2017 katika makala ya kutetea mtindo ambao ulizaa Tailwind, mkusanyiko wa madarasa ya CSS yaliyo tayari kutumika, akiitaja Bustani kwa jina. Alisema utegemezi haukwepeki, unachagua tu uelekee wapi: ama HTML unayoweza kuivika sura mpya, ama CSS unayoweza kuitumia mahali pengi. Nakubaliana naye kuhusu utegemezi. Sikubaliani na wanaomsoma kana kwamba Bustani ilishindwa. Ilichagua upande mmoja kwa makusudi, kwa sababu HTML moja na sura nyingi ndiyo kazi yenyewe iliyokuwa mezani. Duka la mtandaoni lenye vitufe vya aina moja katika kurasa elfu lina kazi ya kinyume, na Tailwind inalifaa.

Zoezi hili leo

Tangu Machi 2017, CSS Grid, mfumo wa kupanga ukurasa kwa gridi, ilipoingia katika Chrome, Firefox na Safari ndani ya mwezi mmoja, tatizo la orodha ya viungo linamalizwa kwa mistari michache. Unayapa maeneo majina kwa grid-template-areas, unaiweka orodha popote, na safari hii jirani wanaujua urefu wake. Hapo limezaliwa tatizo ambalo 2003 halikupewa uzito: anayetembea kwa kibodi anafuata mpangilio wa HTML. Menyu inaonekana ya kwanza, lakini kitufe cha Tab kinaifikia mwisho. Kama HTML imefungwa, huna dawa safi, na hiyo ni sababu tosha ya kuupanga mfuatano vizuri kabla hujaufunga.

Mtu akiniomba njia ya kutoka kwenye mkwamo wa ubunifu, humpa Bustani ndogo ya kwake. Achague maandishi halisi, yasiyo ya kujazia: kichwa kimoja kirefu kinachokatika mistari miwili, orodha ambayo idadi yake itabadilika, nukuu, jedwali dogo. Picha asiweke hata moja kwa kuanzia. Aandike HTML, aisome kwa kibodi na kisoma skrini mpaka ieleweke bila CSS yoyote, ndipo aifunge. Kisha aandike CSS mbili zinazotofautiana kwa mpangilio, maana kubadili rangi na fonti pekee hakumtoi mtu jasho. Azipime kwa upana wa pikseli 320 na maandishi yakiwa yamekuzwa hadi asilimia 200. Ya kwanza kwa kawaida hufanana na kila kitu alichokitazama wiki ile. Ya pili, kwa kuwa njia rahisi imeshatumika, ndiyo ninayoomba kuiona.